Msimu wa Mabibo Niliokunywa Maji

Jumanne, 1 Oktoba

Mabibo yameanza kudondoka. Kitaya nzima, kijiji chetu, inanukia utamu. Nzi wamefurahi, nyuki wamefurahi, na mama mkwe wangu Felismina amefurahi kuliko nyuki. Ametoa kinu, ameosha ndoo, ameanza kuimba. Mwenye tatizo ni mimi peke yangu, na tatizo lenyewe liko tumboni, linakaribia miezi mitatu, na wanaolijua katika nyumba hii ni mimi na mume wangu Dercio tu.

Naandika ili nisipasuke. Huku mimba haitangazwi mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Mwaka jana mimi, binti wa mjini Likombe mwenye mdomo mrefu, niliitangaza mapema, kisha ikatoka. Kijiji kizima kilikuja kunipa pole, na wengine katika pole zao waliniuliza namshuku nani kuwa ameniloga. Safari hii nimefunga mdomo. Shida ni uraka.

Kwa watu wa Dercio, ambao babu yao alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, uraka si pombe. Pombe ni nipa, ile inayopikwa mpaka inachoma koo. Uraka ni maji ya mabibo tu. Asubuhi yanakamuliwa, mchana yanachangamka, jioni yanachangamsha watu. Mzee anapewa, mgonjwa anapewa, na mjamzito ndiye anayepewa zaidi, eti unaongeza damu na maziwa. Na ule wa kwanza wa msimu, mama mwenye nyumba humpa mkwe wake kata nzima kwa mkono wake, mbele za watu. Mkwe akikataa, maelezo ni matatu: amegombana na mama mkwe, anaogopa sumu, au ana mimba. Sitaki hata moja kati ya hayo litembee kijijini.

Lakini wiki iliyopita nesi Hadija wa zahanati alinikazia macho. "Uraka nao ni pombe, Anabela. Ukinywa wewe, mtoto naye anakunywa." Akaniambia mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, akachelewa kusema, masomo yakamshinda. Akaniambia pia nisimeze dawa yoyote, hata ya kichwa, kabla ya kusema kwamba nina mimba. Nikaitikia yote. Rohoni nilikuwa nimemkumbuka wifi yangu Rebeka, nikaona aibu kumkumbuka.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimetapika nyuma ya choo. Dercio amesimama mlinzi, anapiga mluzi kama mwizi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya kata ya kwanza. Majirani walijaa uani, mama amevaa kanga mpya, Rebeka amekaa mbele kabisa. Rebeka ni mdogo wake Dercio, ana miaka ishirini na minne, lakini ukimtazama kwa mbali utadhani kumi na mitano. Shuleni alirudia darasa la pili mpaka wenzake wakaolewa. Kuhesabu kunamshinda. Lakini mpe bibo alionje huku amefumba macho, atakwambia limeanguka chini ya mkorosho gani, na hakosei. Cheko lake linasikika mpaka mtoni.

Mama akachota, akanijia, akaniinamishia kata. Na mimi, Anabela, niliyekaa siku nne natunga hotuba, nikashika shavu nikasema:

"Mama, jino!"

"Jino gani?"

"Linaniua. Kitu kitamu kikiligusa tu, naona nyota."

Akanitazama, akanihurumia, akanywa ile kata mwenyewe kwa niaba yangu. Watu wakapiga vigelegele. Nimelala nikijisifu.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekoma kujisifu. Mama hakwenda kanisani. Alikwenda porini kunichimbia mizizi ya jino. Imechemka tangu asubuhi, ina rangi ya matope ya mtoni. Mizizi gani, hasemi, dawa haitajwi jina. Nilisukutua mbele yake nikatema yote, nikakodoa macho kumwonyesha jinsi inavyofanya kazi.

Jumanne, 8 Oktoba

Uongo una watoto. Mizizi "imeshindwa", basi mama amemtuma Rebeka kwa Zuberi wa duka la dawa. Zuberi hakuuliza ugonjwa gani wala mgonjwa ni nani. Akamfungia vidonge vya rangi mbili kwenye karatasi, akamwambia kimoja kutwa mara tatu.

Kama kuna dawa nesi alizozitaja kwa jina, ni vidonge hivyo. Alisema vinaharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kwa ajili ya jino langu ambalo haliumi, nusura niharibu meno ya mtu ambaye hana hata moja. Nilicheka mpaka nikalia. Vidonge vimekwenda chooni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wakati wa chakula Rebeka aliacha kutafuna, akaninyooshea kidole. "Wifi, jana ulitafunia huku. Leo unatafunia huku. Jino limehama?"

Dercio alipaliwa na ugali wa muhogo, tukampiga mgongoni, mazungumzo yakaishia hapo. Mungu ambariki mume wangu, ana koo lenye akili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kuokota korosho. Mgongo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jino limepona kwa nguvu, maana mizizi ya pili ilikuwa inanuka kuliko ya kwanza. Sasa kila jioni napewa kikombe changu, nakishika, nacheka na watu, nazunguka nyuma ya jiko, namwagia mpapai. Nikirudi nafuta mdomo. Najaza maji kwenye kikombe kile kile na kuendelea kuyanywa taratibu. Ni kazi ya mchezaji wa ngoma, unatakiwa ujue lini ugeuke.

Leo nimegeuka nikamkuta Rebeka. Alitazama kikombe, akatazama mpapai.

"Unaupa uraka?"

"Nao unasikia kiu."

Akafikiri. "Utalewa," akasema kwa huruma, akaenda zake.

Jumapili, 20 Oktoba

Rebeka amewaambia watu wote kwamba mpapai wetu mlevi. Wamecheka, wamesema yule binti na maneno yake. Nami nikacheka nao. Baadaye nilijisikia vibaya. Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nikawaacha wamwone mjinga.

Ijumaa, 25 Oktoba

Dercio ameacha kuvuta sigara ndani. Amemwambia mama kwamba ni kwa ajili ya chandarua, kisije kikaungua. Mama amesema mwanawe ameanza kuwa na hekima. Familia nzima sasa tunaishi kwa uongo na tunaonekana bora.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nesi alitaka baba wa mtoto naye apimwe kaswende na virusi, maana mama akitibiwa peke yake, ugonjwa unarudi kwa mlango wa mume na kumfikia mtoto. Dercio, anayebeba gunia la korosho kwa bega moja, alipoiona sindano aliketi chini. Tuko salama wote wawili, hatuna kitu. Njiani alitembea kifua mbele kana kwamba amefaulu mtihani.

Nilimwambia naona tumwambie mama. Akasema, "Ukimwambia una mimba, lazima umwambie kwa nini hunywi. Ukimwambia kwa nini hunywi, umemwambia kitu kuhusu Rebeka." Sikujua kwamba na yeye analifikiria.

Jumapili, 3 Novemba

Joto. Mvua inanong'ona upande wa Msumbiji, haivuki.

Alhamisi, 7 Novemba

Kichwa kinauma. Safari hii kweli.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimeegemea mito. Nitaandika yote, maana nimepewa ruhusa ya kukaa na kalamu kuliko ya kushika jembe.

Jumamosi asubuhi niliamka natetemeka. Homa ilinipanda nikawa nasikia sauti za watu kama ziko ndani ya pipa. Dercio alikuwa ameshaondoka kupeleka korosho chama cha msingi. Mama akaja, akanigusa, akapiga kelele kwamba jino limeingia kichwani. Ndiyo, jino! Uongo wangu wa Oktoba ulikuwa umekaa pale kitandani unanisubiri.

Akatuma watu mbio. Baada ya muda niliona bakuli la mizizi, nyeusi kuliko zote, na kiganjani mwake vidonge vya rangi mbili, na kata ya uraka wa kuteremshia. Vyote vitatu kwa pamoja. Akaniinua kichwa.

"Meza, mwanangu."

Nikafunga mdomo. Akanibana mashavu kama anavyonyweshwa mbuzi. Sina nguvu, naona kiganja kinakuja, na kitu pekee kilichobaki kwangu kilikuwa ni ule mdomo wangu mrefu wa Likombe.

"Mama, nina mimba!"

Kiganja kikasimama hewani.

"Ya lini?"

"Ya tangu Julai."

Akatazama vidonge. Akatazama kata. Vidonge akavitupa majivuni, kata akaiweka chini polepole. Mama akikasirika Kiswahili kinamkimbia. "Nangu!" akasema, yaani mimi, akijipiga kifua. "Nangu ni nani kwako? Nangu nilikuchimbia mizizi kwa mikono hii, mizizi ambayo mjamzito hapewi hata kuinusa! Ungekufa mkononi mwangu, Anabela. Ungekufa na mtoto, halafu mimi ningeambiwa nini? Na Mungu ningemwambia nini?"

Kisha akanibeba. Hakusubiri bodaboda, alinibeba mgongoni kama mtoto hadi barabarani, na huku nyuma Rebeka anakimbia na kanga zangu, anapiga kelele kwa kila tunayekutana naye: "Wifi ana mtoto! Wifi ana mtoto!" Kwa hiyo siri yangu ya miezi minne ilitangazwa na mtangazaji bora wa Kitaya, na mimi nikiwa mgongoni siwezi hata kumzuia.

Ilikuwa malaria. Nesi Hadija akanipima, akanipa dawa mseto, akasema kwa mimba ya umri huu inafaa, na kwamba homa yenyewe ndiyo ingemdhuru mtoto kama tungechelewa. Akaweka kimashine tumboni. Kwanza kelele za tumbo tu. Mama akanishika mguu kwa nguvu. Halafu ikasikika tuk-tuk-tuk, mbio mbio, kama mtu anayewahi mnada. Mama akasema "Nossa Senhora", akimwita Mama wa Mungu, akakaa sakafuni. Mimi nililia bila aibu yoyote.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mama aliuliza kwa furaha, "Sasa, nesi, nimpe uraka mara ngapi arudishe damu?" Na nesi, ambaye hakujua anakanyaga wapi, akamweleza yote. Mtoto mdogo. Kuchelewa kusema. Masomo kumshinda. Mama alikuwa anaitikia "ehee, ehee", kisha akaacha kuitikia. Rebeka alikuwa mlangoni anacheza na pazia.

Jana mchana, Dercio yuko shambani, mama alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Rebeka nilimbeba msimu wa mabibo," akasema. "Dercio nilimbeba masika, hakuna bibo hata moja. Rebeka nilimnywea kila siku. Mama yangu mwenyewe alinipa, akasema mtoto atakuwa na nguvu. Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijui, mama. Nesi naye hajui. Wapo waliozaliwa hivyo na mama zao hawakugusa kitu."

"Wewe ulijua. Ndiyo maana ulinificha. Ulikuwa unanitazama nikikamua, unanihukumu."

Niliapa kwamba sikumhukumu. Lakini sikuweza kuapa kwamba sikuwaza. Aliliona hilo usoni kwangu, akatoka.

Jumatano, 13 Novemba

Mama hajakamua. Mabibo yanaoza chini.

Alhamisi, 14 Novemba

Hajakamua. Majirani wamekuja na vikombe vyao, wakakuta kinu kimefunikwa.

Jumamosi, 16 Novemba

Hajakamua. Ananipikia uji, analeta dagaa, anauliza nimelala vipi. Kila kitu ananipa isipokuwa macho. Nilikuwa namwona mama huyu ni mwanamke wa kelele na kucheka tu, mtu wa kukwepwa kwa ujanja. Kumbe kelele zile ndizo zilizokuwa zinaishikilia nyumba. Zimenyamaza, na hata kuku wanatembea kwa adabu.

Jumatano, 20 Novemba

Mtoto amecheza! Nilikuwa nachambua mchicha. Kama samaki aliyegeuka ndani ya ndoo. Nikapiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa mama, mwiko mkononi. Nikauchukua mkono wake, nikauweka. Tukasubiri. Mtoto akakataa, mkaidi tangu sasa. Lakini mama hakuuondoa mkono, na mara akanitazama usoni.

"Nisamehe mama," nikasema. "Ilinipasa nikwambie tangu siku ya kwanza."

"Ungeniambia, ningekukatalia," akasema. "Ningesema uraka si pombe. Nakujua, nami najijua."

Jumamosi, 23 Novemba

Kinu kimefunuliwa, na mama amerudi na sheria mpya. Kila mwanamke anayekuja na kikombe anaulizwa mbele za watu, kwa sauti: "Una mimba?" Kitaya haijawahi kusikia kitu kama hicho. Mwenye nayo, au asiye na hakika, anapewa maji ya bibo yaliyokamuliwa dakika hiyo hiyo, anayanywa pale pale mama akimtazama, haruhusiwi kuyapeleka nyumbani yakachangamke. Wanawake wawili wamenuna wakaondoka. Mzee Raimundo, mjomba wa Dercio, alipofika mbele ya foleni alijishika kitambi akasema, "Mimi ninayo, ya miaka thelathini." Akapewa maji. Alibembeleza hadi jua likazama.

Jumatatu, 25 Novemba

Sasa kijiji kizima ni nesi. Nimepita kwa Zuberi kununua sabuni, akaficha vidonge vyote chini ya meza. Wanaume wanazima sigara wakiniona kwa mbali. Bibi mmoja amenipokonya kikombe sokoni, akakinusa, kumbe ni chai. Nilitaka kuilinda mimba kwa siri, nimepewa walinzi mia.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imevuka mto.

Jumamosi, 7 Desemba

Mabibo ya mwisho. Tulikaa barazani watatu, mimi, mama na Rebeka, tunakamua yale machache yaliyobaki. Mke wa jirani alikuja, mwali bado, ana wiki chache tu tangu aolewe. Mama akamuuliza swali lake. Yule binti akainama, akasema hajui, labda. Mama akampa maji mabichi.

"Kwa nini, shangazi? Kwetu wote wanakunywa."

Mama kwa kawaida husema "nesi amekataza", basi. Leo alisema, "Kwa sababu mimi nilikunywa. Sikuambiwa. Wewe nakwambia."

Binti akanywa, akashukuru, akaenda. Mvua ikaendelea. Rebeka alikuwa ameacha kukamua.

"Mama," akasema. "Ulikunywa nikiwa mimi ndani?"

Nilitamani niwe na koo la Dercio, nipaliwe na chochote. Mama hakukimbia. Aliweka mikono magotini.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ndiyo maana sijui kuhesabu?"

"Huenda. Hakuna anayejua kwa hakika. Huenda ndiyo."

Rebeka akafikiri. Huwa anafikiri kwa uso mzima, nyusi, midomo, kila kitu. Nilimwona mama anasubiri kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu, na nilielewa kwamba nesi hawezi kumwondolea jambo hili, wala mimi, wala padri. Ni mtu mmoja tu Kitaya nzima mwenye haki ya kumsamehe.

"Ulijua?" akauliza Rebeka.

"Sikujua."

"Hukujua," akasema Rebeka. "Basi." Akachukua bibo jingine, akalibana kwa mikono miwili, maji yakaruka pembeni. "Shika beseni vizuri, mama. Linamwagika."

Huku machozi yakimtoka, mama akashika beseni.